Risasi Niliyoishona Kiunoni mwa Mwanangu

Naandika haya kwa mama yeyote mwenye mtoto anayebeba bastola ya kazi. Najua si wengi, lakini hapa Garsen peke yake nimehesabu wanne, na mmoja wao ni mimi. Shule niliishia darasa la saba. Mkiona mahali nimeandika vibaya, shikeni maana, maandishi yaacheni.

Mwanangu anaitwa Ramla. Ni konstebo wa polisi, ana miaka ishirini na sita. Mpaka mwaka huu unaanza, kazi yake ilikuwa kumlinda afisa mmoja wa kaunti, mama mnene mpole ambaye sijasikia mtu aliyetaka kumdhuru. Ramla alikuwa anatembea nyuma yake hatua mbili, bastola kiunoni upande wa kulia, na siku nyingi kazi kubwa ilikuwa kumshikia mwavuli.

Halafu ikaja ile siku ya mnada wa mifugo. Yule mama alikwenda kuwaambia wafugaji habari za chanjo ya mbuzi. Watu wakasongamana kumsalimia, na katika kule kusongamana mkono ukapita chini ya kwapa la Ramla, ukashika bastola, ukavuta. Ala ya bastola ina kifungo juu, na kifungo kile ndicho kilichomwokoa. Mkono ukavuta tena. Ramla akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, akageuka, na mwenye mkono akajichomoa akapotea katikati ya ng'ombe. Mpaka leo hajulikani. Ng'ombe wenyewe walishauzwa.

Alirudi nyumbani, akala wali wake wote, kisha akasema kama mtu anayesema jua limekuwa kali, "Mama, leo nusura ninyang'anywe bastola."

Nikamwambia anionyeshe. Juu ya nyonga palikuwa na mikwaruzo minne ya kucha, imepangana vizuri. Nikampaka mafuta. Akalala. Mimi ndiye niliyeacha kulala.

Baada ya wiki tatu wakubwa wake wakasema kutakuwa na darasa. Askari tisa wanaobeba bastola watafundishwa siku mbili namna ya kuizuia isichukuliwe, na ikichukuliwa, namna ya kumpokonya aliyeichukua. Mwalimu ni Sajini Tuneya, mtu wa Ngao. Ramla akaja na karatasi ya maelekezo, akaiweka juu ya meza, nami nikaisoma nikiwa nimesimama. Ilisema suruali iwe ngumu, isiyobana magoti. Mkanda uwe imara. Viatu visiwe na kisigino. Kucha zikatwe, pete na hereni zibaki nyumbani, mtandio ufungwe usining'inie. Asubuhi mtu asile chakula kizito, maana ataangushwa sana. Nikaona ni karatasi ya mtu mwenye akili. Nikairudisha mezani.

Ramla akaniambia pia kwa mdomo kwamba sajini amewataka wafanye mazoezi nyumbani, lakini kwa kipande cha mti tu. Bastola ya kazi haitoki stoo ya kituo, si kwa mazoezi, si kwa kuonyesha mtu. Na kile kipande kipakwe rangi ambayo hata mlevi hawezi kukosea. Kwetu kulibaki rangi ya kijani ya mlango. Akachonga bastola ya mti, akaipaka kijani, akaianika juu ya paa la banda la kuku. Siku ile nilikuwa na amani.

Jioni yake, jua likiwa bado lipo, akaivaa kiunoni akasimama uani.

"Haya Mama, njoo uninyang'anye."

"Nikunyang'anye vipi?"

"Kama mwizi."

"Mimi si mwizi."

"Jifanye, Mama."

Nikaenda nikaishika ile bastola ya mti polepole, nisimuumize. Akanikandamiza mkono, akapinda kiuno, nikajikuta nimekaa chini kwenye mchanga. Hakuniumiza, alinikalisha kama mgeni.

Jirani yangu Kache alikuwa ameegemea ua anachambua mbaazi. Ni Mgiriama, ana miaka hamsini na moja na goti moja bovu. Akasema, "Mama Ramla, unanyang'anya au unaomba kwa heshima?"

"Njoo wewe basi."

"Nije? Mimi nimelea watoto saba. Hakuna kitu hapa duniani sijakinyang'anya mkononi mwa mtu."

Akaweka ungo chini, akajifunga leso kiunoni, akaja. Wala hakukimbilia bastola. Alimpiga Ramla kofi dogo kwenye bega la upande wa kushoto, Ramla akatazama kushoto, na kile kipande cha kijani kikawa mkononi mwa Kache.

"Tena," Ramla akasema.

Kache akakichukua tena. Mara ya tatu Ramla akamzuia, lakini Kache alikuwa anacheka na goti limeshamchoka, kwa hiyo ile sikuihesabu.

"Ndiyo maana wanatupeleka darasani, Mama," Ramla akaniambia, anapumua kwa nguvu, amefurahi kabisa. "Usikunje uso."

"Sijakunja."

"Umekunja," Kache akasema. "Unafanana na mtu aliyeona chatu chooni."

Nilikuwa nimekunja. Nilikuwa nawaza: kama mama mwenye goti bovu anaichukua mara mbili akiwa na harufu ya mbaazi mikononi, yule wa mnadani atarudi tu. Na siku atakayorudi kifungo kitakuwa wazi.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Lazima nieleze kwanza habari ya marehemu mume wangu, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Mume wangu Omar alikuwa Muorma, askari wa akiba wa kijiji. Mimi ni mtu wa Kipini, nimeolewa huku. Mwaka mmoja wanyang'anyi walivamia duka, Omar akakutana na mmoja wao mlangoni, na yule mtu akamwekea bastola kifuani, akafyatua. Ikalia ta! kama mtu anayevunja kijiti, basi. Haikutoka kitu. Yule mtu akavuta sehemu ya juu ya bastola kwa nyuma, risasi ile ikaruka ikaanguka chini, na kabla hajafyatua tena watu walishatokea, akakimbia. Omar akainama akaiokota.

Kisheria alitakiwa aipeleke kituoni siku ileile. Hilo nimelijua mwaka huu. Wakati ule kila mtu aliyeiona alisema neno moja: risasi iliyomkataa mtu haimrudii tena, wala haiziachii nyingine zimguse. Omar akaenda nayo kwetu Kipini, fundi wa viatu akaishonea kijaruba cha ngozi nyeusi, kidogo kama kidole gumba, na mwalimu wa madrasa akaisomea. Ikawa hirizi. Omar aliivaa mkononi juu ya kiwiko miaka kumi na tisa. Risasi haikumgusa kamwe. Alikufa kwa sukari, kitandani kwake. Sukari haikuwamo katika makubaliano.

Alipokufa niliivua mwenyewe nikaiweka sandukuni. Miaka kumi na moja imekaa pamoja na cheti cha ndoa na udi. Nataka mnielewe hapa, maana afisa aliyeandika maelezo yangu hakunielewa. Mimi sikuwa na risasi nyumbani. Mimi nilikuwa na hirizi ya baba Ramla. Ukiniuliza kama kuna risasi ndani ya nyumba ningeapa kwa Mungu hakuna, na nisingejiona nimesema uongo.

Ramla hapendi hirizi. Siku ya kwanza kuvaa sare nilitaka kumfunga moja ya kawaida ya karatasi, akaniambia, "Mama, mimi nina kitambulisho cha kazi, kinatosha." Kwa hiyo sikumwambia. Jumapili alasiri alikwenda kusukwa nywele. Nikachukua suruali yake nyeusi aliyoiandaa, nikafumua utepe wa kiuno upande wa kulia, palepale palipokuwa na mikwaruzo, nikaingiza kijaruba, nikashona kwa uzi mweusi, mishono midogo ya kujificha. Nikaipiga pasi. Nilipiga pasi polepole mahali pale, si kwa kuogopa risasi, kwa kuogopa kuunguza ngozi.

Jumatatu saa moja asubuhi akaivaa. Akajishika kiuno.

"Imekaza kidogo leo."

"Umenenepa," nikasema.

Akanywa chai kavu, chapati akaikataa kwa sababu ya karatasi, akanibusu mkono, akaenda. Nikamsikia akicheka na Kache njiani.

Nikafagia. Nikawapa kuku maji. Kisha nikaanza kupanga meza, nikaishika ile karatasi ya maelekezo niiweke mahali salama, na ikageuka mkononi. Ilikuwa na maandishi upande wa pili.

Mimi nimezoea karatasi za shule na za zahanati. Zile huandikwa upande mmoja, upande wa pili ni wa kuandikia hesabu za dukani. Sikuwahi kuigeuza. Upande wa pili uliandikwa kwa herufi kubwa:

BASTOLA ZOTE HALISI ZITABAKI STOO YA KITUO. UKUMBINI TUTATUMIA ZA PLASTIKI ZA RANGI YA BULUU PEKE YAKE. RISASI HATA MOJA ISIINGIE UKUMBINI, IWE MFUKONI, MKOBANI AU MWILINI. KILA MTU ATAPEKULIWA. ATAKAYEPATIKANA NA RISASI ATASIMAMISHWA NA ATAJIBU ALIIPATA WAPI.

Nilikaa chini. Nikaisoma tena kutoka juu. Nilipofika kwenye neno "mwilini" nikasimama, nikavaa buibui, na nikatoka bila kufunga mlango.

Ukumbi wenyewe uko njia ya kwenda Witu, si mbali, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye haraka. Njiani nilikuwa na mambo mawili kichwani, na yanagombana. La kwanza: darasa lile ni la watu kuangushana na kukandamizana viuno, na kiunoni mwa mwanangu nimemwekea risasi ambayo ilishagongwa mara moja na hakuna anayejua kwa nini ilikataa. La pili: nikisema, kazi imekwisha. Ramla aliomba ile kazi mara tatu ndipo akachukuliwa. Alikimbia kwenye ule uwanja wa usaili mpaka akatapika, akaendelea kukimbia. Nisiposema, labda hakuna kitakachotokea. Labda watamaliza saa kumi, atarudi, ataivua suruali, nitafumua, basi.

Nilifika nikiwa bado na hilo la pili. Ndiyo maana nilianza kwa uongo.

Mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza beseni la simu, pete na funguo. Nyuma ya meza alikaa kijana konstebo anaitwa Abdirahman, namjua, mama yake tunanunua kwake maziwa.

"Mama, karibu. Ukumbi umefungwa."

"Niitie Ramla. Mwambie mama yake ameugua."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Wewe si ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Na umekuja kwa miguu kusema umeugua."

"Ndiyo. Hali ni mbaya."

"Kaa hapo kivulini, mama. Wanapumzika saa nne na nusu. Hakuna anayetoka kabla, sajini amekataza. Na anayetoka akirudi anapekuliwa upya."

"Asubuhi mlimpekua?"

"Mara tatu. Mwenyewe, mwenzake, halafu sajini kwa wanaume na msaidizi wake Fardowsa kwa wanawake."

"Vizuri vizuri?"

"Mama, huyu sajini alinitolea mbegu ya tende mfukoni."

Nikafurahi nusu dakika. Nikasema, basi wameiona, wameitoa, Ramla yuko ndani kwa amani. Halafu nikakumbuka kuwa kama wangeiona, Ramla asingekuwa ndani.

Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikasogea. Niliwaona wawili wawili juu ya magodoro membamba, wa tisa akingoja zamu, kila jozi na bastola moja ya plastiki ya buluu. Sajini Tuneya alikuwa anatembea kati yao, mtu mfupi, mweusi, sauti ya chini. Ramla alikuwa amelala chali. Juu yake lilikuwa jitu la askari, goti lake limekaa upande wa kulia wa kiuno cha mwanangu, linavuta ile plastiki kwa nguvu zake zote, na Ramla anacheka huku anazuia.

"Usimwonee huruma, konstebo," sajini akasema. "Weka uzito kwenye goti."

Lile jitu likainuka kidogo ili liweke uzito.

Nikasikia mtu anapiga kelele: "Simamisheni! Ana risasi kiunoni! Mwanangu ana risasi kiunoni!" Mtu huyo alikuwa mimi.

Sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza vile. Watu tisa waliganda kama walivyo, wengine wakiwa mguu mmoja hewani. Lile jitu liliinua mikono juu na goti likabaki hewani, sijui lilisimamaje.

Sajini hakupaza sauti. "Kila mtu amwachie mwenzake. Mikono mbali na mwili. Plastiki ziwekwe chini." Kisha akaja dirishani. "Mama, rudia ulichosema."

Nikarudia. Nikasema nimeishona mimi, katika utepe wa suruali, mkono wa kulia, ndani ya kijaruba cha ngozi, na yeye hajui. Nilisema "hajui" mara nyingi. Ramla alikuwa bado amelala chali, uso ameugeuza kunitazama, na nilimwona anapeleka mkono wake kiunoni.

"Usiguse," sajini akamwambia. "Simama polepole. Hivyo."

Akawatoa wote kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wakapanga mstari uani mbali na ukuta. Akabaki Ramla katikati ya ukumbi mikono imenyooka, na Fardowsa na wembe. Sajini akageuza mgongo. Fardowsa akafumua ile mishono yangu. Alichelewa, kwa sababu nilishona vizuri.

Akakitoa kile kijaruba. Akakishika kwa vidole viwili. "Hiki nilikigusa asubuhi, Afande," akasema. "Nilijua ni hirizi. Nikaona ni mambo ya mtu na Mungu wake."

Sajini akageuka, akakitazama. "Ungenieleza, na mimi ningekwambia uiache," akasema. "Hilo ndilo baya."

Kilipelekwa nje kwa mikono miwili, kikawekwa katika ndoo ya mchanga ya kuzimia moto, mbali na watu, mpaka alipokuja mtu wa stoo ya silaha kutoka kituoni. Yeye ndiye aliyekipasua. Risasi ya bastola, shaba imeota ukungu wa kijani, na kitakoni ina kishimo kidogo pale ilipogongwa siku ile kwa ajili ya Omar. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Fundi aliishona mbele ya mume wangu, si mbele yangu. Nilidhani ni kubwa zaidi.

Nikamweleza sajini habari zake zote, hata ya pasi, nikamuuliza kama ingeweza kulipuka.

"Labda isingefanya kitu, mama. Imekaa nawe miaka kumi na moja, umeipiga na pasi. Mimi sijui." Akajifuta jasho. "Lakini sikiliza. Ndani ya chumba changu watu wanaelekezeana bastola usoni na kufyatua siku nzima. Wanaweza kwa sababu moja tu, wanajua hakuna risasi. Ikiingia moja, hata mbovu, mimi nimewadanganya wote."

Kisha akawageukia askari waliopanga mstari. Akauliza, "Nani mwingine amevaa hirizi?"

Wakatazama viatu.

"Sitamwandika mtu. Nani?"

Mikono mitatu ikapanda, ukiwemo wa lile jitu. Halafu sajini mwenyewe akafungua kifungo cha shati, akavuta uzi shingoni, akatoa kijaruba cha kitambaa chekundu kilichochakaa.

"Bibi yangu," akasema. "Nilipokwenda chuo."

Akaomba wembe kwa Fardowsa, akakipasua mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa ngumu kama mfupa, na kipande cha mzizi. Akaonyesha, akaviweka katika beseni. Wale watatu wakapasua zao. Karatasi, karatasi, na ya lile jitu ilikuwa na nywele za mtoto, sijui za nani, na hakueleza. Abdirahman akaleta beseni la pili, la kwanza lilikuwa limejaa simu.

"Kuanzia leo," sajini akasema, "hirizi inavuliwa mlangoni pamoja na pete. Anayeona vibaya kuivua na asije. Nilisema pekua kila kitu. Hirizi sikuitaja, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Hilo nitaliandika, ni kosa langu."

Na kweli aliliandika. Lakini la Ramla pia liliandikwa.

Kituoni nilikaa mpaka saa kumi. Afisa mmoja alinihoji, kijana wa bara, mwenye subira.

"Hii risasi ni ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu."

"Aliinunua wapi?"

"Hakuinunua. Alipigwa nayo."

Akaweka kalamu chini. "Alipigwa nayo akafa?"

"Hapana, alikufa kwa sukari."

Tulianza upya mara nne. Ramla aliulizwa chumba kingine. Mara tatu walimuuliza kama alijua, mara tatu akasema hakujua, na aliyemsaidia ni Fardowsa, aliyewaonyesha ile mishono akasema hakuna askari anayeshona hivi, huyu ni mtu mzima aliyefundishwa ushonaji shule ya zamani. Mkuu wa kituo akanionya kwamba kukaa na risasi bila kibali ni kosa la kufungwa, awe mjane au asiwe, na kwamba jalada halijafungwa, wataniita. Bado hawajaniita. Kila simu ya namba nisiyoijua huwa naipokea nikiwa nimesimama.

Ramla hakufukuzwa. Alitolewa katika kazi ya ulinzi, akanyang'anywa ruhusa ya bastola mpaka uchunguzi uishe, akawekwa mezani kituoni, kuandika watu waliopoteza vitu. Yule mama wa kaunti alipewa mlinzi mwingine siku ileile. Darasa lenyewe wenzake walirudia Alhamisi na Ijumaa. Yeye, sajini alimwambia atamwita darasa la pili likipangwa, kama wakubwa watakubali.

Tulirudi nyumbani jioni ile yeye yuko mbele na mimi nyuma hatua mbili. Amejifunga leso ya Fardowsa, suruali imebaki kituoni kama ushahidi. Mbele ya nyumba akasimama.

"Uliishona lini?"

"Jumapili. Ukiwa kwa msusi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, Mama. Ningekataa." Alisema taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Yule wa mnadani alivuta mara mbili akashindwa. Niliondoka pale na bastola yangu na kazi yangu. Unajua aliyeweza kuninyang'anya ni nani?"

Kache alikuwa uani kwake ameshika ungo, akaingia nao ndani.

Basi mama wenzangu. Mtoto wako akiitwa kwenye darasa kama lile, isome karatasi pande zote mbili. Bastola yake usiiguse, na kama ameileta nyumbani mwambie airudishe. Nguo zake aziandae mwenyewe. Ukiwa na kitu chochote cha mzee sandukuni ambacho zamani kilikuwa risasi, hata kimesomewa vipi, hata kimekuwa hirizi miaka thelathini, bado ni risasi. Nenda kituoni ukaseme kiko wapi waje wakichukue, usikibebe mwenyewe njiani. Watakuhoji. Kubali uhojiwe. Na ukitaka kumwombea mtoto, mwombee ukiwa umekaa mbali na nguo zake. Dua inafika.

Ramla hakusema na mimi wiki tano. Si kwamba alininunia. Alinisalimia, akala, akashukuru, akaosha sahani. Ila maneno hakunipa. Jana amerudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa kizingitini, na bila kuulizwa akasema, "Leo watu kumi na mmoja wamepoteza vitambulisho. Mmoja, chake kimeliwa na mbuzi."

Nikamwambia, "Pole."

Akasema, "Pole mpe mwenye mbuzi. Nimemwandikia asubuhi yote, na fomu haina mahali pa mbuzi."

Nikamsogezea chai. Akaichukua.